Kivuli Kilichobaki Ikweta

Enzi zetu, watoto wa Kanazi, kijijini nje ya mji wa Bukoba, tulijua jambo moja ambalo mpaka leo halimo katika kitabu chochote cha jiografia: mtu akivuka mstari wa Ikweta kurudi huku kwetu, kivuli chake hubaki ng'ambo. Kwenda hakuna tatizo. Kivuli kinakufuata, maana nacho kinataka kuona mambo. Shida ni kurudi. Niliamini hilo kuliko nilivyoamini Baba Yetu, kwa sababu Baba Yetu nilikuwa naikwamisha katikati mbele ya katekista, lakini hili la kivuli ungeniamsha usingizini ningekutajia lote bila kukosea.

Aliyetufundisha alikuwa Mutalemwa, jirani yetu, aliyekuwa mbele yangu madarasa mawili na tayari alikuwa na sauti ya mzee wa baraza. Mjomba wake alikuwa kuli bandarini Bukoba, kwa hiyo habari za dunia zilifika kwao kwanza, zikapumzika, ndipo zikaenda redioni. Wiki hiyo mwalimu wetu alikuwa ameleta boga darasani, akalizungushia mstari wa chaki tumboni, akasema hiyo ndiyo Ikweta. Jioni akaenda nalo nyumbani kwake likapikwa. Sisi tukabaki na maswali, na Mutalemwa akabaki na majibu.

"Ikweta ni waya," alituambia tukiwa nyuma ya kanisa tunasokota mpira wa majani ya mgomba. "Wazungu waliufukia. Wewe una mwili, unapita juu. Kivuli hakina mwili, kinapita chini chini. Kinakatika."

"Mbona wakati wa kwenda hakikatiki?" nikauliza.

"Wakati wa kwenda waya umelegea. Wewe hujui kitu."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Wenzangu wote pale walikuwa wanasikiliza hadithi, lakini mimi nilikuwa na safari. Shangazi yangu, dada yake Tata, yaani baba yangu, alikuwa ameolewa Kampala na fundi cherehani, na alikuwa amekuja kutusalimia. Alipokuwa anaaga akaniangalia, akasema huyu kichwa chake kikubwa, tumpeleke akaone watu. Mama akasema nitafungwa kamba kama mbuzi nisipotee. Tata akatafuna kahawa yake taratibu, punje moja baada ya nyingine, halafu akasema, "Akaone, arudi." Hotuba nzima ya Tata ilikuwa hiyo. Alikuwa mtu ambaye akisema maneno matatu kwa siku, jioni anajisikia kuchoka.

Basi nikaenda Kampala.

Ninyi wa rika langu mnaijua Kampala ya miaka ile, na msioijua sina namna ya kuwasaidia. Uganda ilikuwa imepata Uhuru wake juzi juzi, mwaka mmoja hivi baada ya sisi, na mji ulikuwa bado haujavua nguo za sherehe. Vitambaa vyeusi, vya njano na vyekundu vilikuwa vimening'inia kila mahali, mpaka kwenye miti, mpaka kwenye shingo ya mbuzi mmoja niliyemwona kwa macho yangu akivuka barabara bila wasiwasi, kama diwani. Taa zilikuwa nyingi hata nikaamini kuku wa Kampala hawalali. Wanawake walivaa gomesi za zambarau, za kijani, za waridi, na mabega yamesimama kama mabawa, wakipita kundi zima ungedhani bustani imeamua kwenda sokoni. Na jua. Kila siku jua. Lilikuwa linawaka juu ya mabati na juu ya lami mpaka lami inatoa jasho, na mimi miguu peku naruka ruka kama maharage kwenye kikaango.

Baraza la mume wa shangazi ndilo lililonimaliza kabisa. Alishonea hapo, na chini ya cherehani yake kulikuwa na kichuguu cha vipande vya nguo za watu. Nililala juu ya vipande vile mchana, nikaota kwa rangi. Yeye alikuwa mcheshi, mfupi, na alipokuwa anakanyaga cherehani alikuwa anazungumza na kitambaa, anakibembeleza kama mtoto. Siku zangu zilipokaribia kwisha akakusanya mabaki, akanishonea shati. Mkono huu wa maua, huu wa mistari, kifua nusu njano nusu buluu, mgongoni kipande chekundu cha sherehe za Uhuru. Kola yake ilikuwa ya gomesi ya bibi harusi. Nakuambieni, tausi angeniona siku ile angeomba likizo.

"Ukifika kwenu," akasema, "watakuona tangu mpakani."

Siku ya kurudi tulipanda basi alfajiri, mimi na shangazi, maana alikuwa ameahidi kunirudisha kwa mkono wake. Basi liliposimama kwenye kibao cha Ikweta watu wakashuka kujinyoosha. Jua la asubuhi lilikuwa limesimama vizuri. Nikashuka na shati langu, nikaangalia chini, na kivuli changu kilikuwepo, kirefu, chembamba, miguu kama ya korongo. Nikakipungia mkono. Kikanipungia. Nikajisemea Mutalemwa ni mwongo. Halafu konda akapiga bati, tukapanda, gari likavuka.

Kufika Masaka, mawingu. Kufika Mutukula, manyunyu. Tulipovuka daraja la Kyaka sikuona hata mto, nilisikia tu kwamba kuna maji chini na maji juu. Na tulipoteremka Bukoba, mbingu na ziwa vilikuwa vimeshonwa pamoja, rangi moja, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nikaangalia chini ya miguu yangu.

Hapakuwa na kitu.

Nikainua mguu wa kulia, nikainua wa kushoto. Nikamzunguka shangazi. Nikaruka.

"Una chawa?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Basi simama kama mtoto wa watu."

Sikumwambia. Ungemwambiaje mtu aliyekulisha na kukutembeza kwamba umeacha kivuli chako barabarani nchi ya watu?

Nimezaliwa Kanazi, mvua naijua. Lakini mvua niliyoikuta mwaka ule ilikuwa imehamia na godoro lake. Ilinyesha asubuhi kwa nguvu, ikapumzika kwa manyunyu, ikarudi jioni na radi zake, na katikati yake ukungu unapanda kutoka ziwani unakuja kukaa kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba, kama mgeni asiyeaga. Migomba ilisimama inatiririka, mibuni nayo imeinama. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa tope la kumeza kiatu, na sisi hatukuwa na viatu, ikameza miguu. Moshi wa jikoni ulikataa kutoka nje. Kila kitu kilikuwa kijivu: nyasi za paa, mbwa wetu, uji, hata sauti za watu. Na katikati ya ukijivu huo nimesimama mimi na shati la rangi zote alizoumba Mungu, lililolowa siku ya kwanza, Mama akalifua, likakataa kukauka.

Shangazi alikaa kwetu siku chache. Nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa kwenye kigoda nainuka, nikiinuka naenda mlangoni, nikifika mlangoni naangalia chini, narudi. Ndizi na maharage, chakula nilichokuwa nakililia Kampala, kikaniganda mdomoni. Watoto wenzangu walikuja kuuliza habari za Kampala, nikawapa, nikaongeza, nikaona bado wana njaa nikawaongezea tena: magari ya ghorofa tatu, mkate mrefu kama mtumbwi. Lakini hata nikiwa nadanganya macho yangu yalikuwa chini. Tata alikuwa ananitazama kutoka pembeni mwa moto.

"Kaa chini," alikuwa anasema. "Utaangusha nyumba."

Hayo yalikuwa maneno yake kwangu msimu ule wote. Kaa chini, utaangusha nyumba. Nilikuwa nakaa. Dakika haijaisha nyumba inatikisika tena.

Mwishowe nikamwendea Mutalemwa, maana daktari ni yule aliyetaja ugonjwa. Alinizungusha mara moja, akainama, akatazama chini pande zote kama anayenunua ng'ombe.

"Kimebaki," akasema.

"Jana jioni nilikiona ukutani. Mama amewasha kibatari, kikaja."

"Hicho ni cha kibatari. Si chako. Hata chungu kinacho."

Kweli chungu kilikuwa nacho.

"Kwani mtu asiye na kivuli anakuwaje?" nikauliza.

Mutalemwa akakaa juu ya mzizi, akavuta pumzi. Kwanza, mtu huyo harefuki, anabaki na urefu aliokatikia. Pili, Komunio ya kwanza hapewi, kwa sababu Padri akiwa pale mbele anaangalia kwanza chini. Tatu, na hapa akashusha sauti, mtu huyo hakai. Kivuli kinamwita. Atazunguka dunia mpaka akifuate. "Ndiyo maana hutulii," akasema. "Kinakuvuta."

Hilo la tatu ndilo lililoniingia, kwa sababu nilikuwa nalisikia. Kulikuwa na kitu kinanivuta kweli, hapa, chini ya kitovu, kama uzi. Nikifumba macho naona njano, naona waridi, nasikia cherehani. Nikifumbua naona mvua. Mnaokumbuka kurudi nyumbani kutoka mahali penye rangi mnajua uzi huo. Ila ninyi hamkuwa na Mutalemwa wa kuwaambia umefungwa wapi.

Shangazi alipofunga mzigo wake nikamshika gomesi.

"Nirudi na wewe."

"Kufanya nini? Shule inakungoja."

"Nimesahau kitu."

"Umesahau nini? Nguo zote nilikunja mwenyewe."

"Kitu changu."

Akaniangalia kwa huruma ya watu wazima, ile inayokosea anwani, akadhani nampenda. Kweli nilimpenda, lakini hiyo haikuwa hoja. Akanipa busu la shavuni na andazi, akaondoka kwenda mjini kupanda basi. Nami nilipomaliza andazi nikamfuata.

Nilitembea katika manyunyu nikiwa na mpango kamili: Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka, kibao, nakichukua, narudi kabla ya giza. Chakula sikubeba. Nilifika mahali ambapo nyumba zilikuwa si za watu ninaowajua, nadhani nilikuwa nimebakiza kidogo kuiona Rwamishenye, pale mji wa Bukoba unapoanzia, ingawa nikisimulia kwa wajukuu huwa nafika Mutukula. Hapo nikakutana na Mzee Byabato, jirani yetu mwingine, anasukuma baiskeli, anatoka mjini kuuza ndizi.

"Unakwenda wapi?"

"Ikweta."

Akatafakari. "Kwa nani?"

"Kuna kitu nilikiacha."

"Kina miguu?"

Nikafikiri kwa makini. "Kinayo. Ila ni myembamba."

"Basi kitakuja chenyewe," akasema. "Panda."

Akanipakia kwenye keria, mikungu ya ndizi ilipokuwa, akanirudisha. Hakuuliza zaidi, hakucheka. Watu wazima wa zamani walikuwa na adabu hiyo, walikuwa wanaweza kuubeba ujinga wako kilomita nyingi bila kuufungua waone ndani. Mama aliniosha miguu kwa maji ya moto. Tata akasubiri nimalize kula.

"Kaa chini," akasema, ingawa nilikuwa nimekaa.

Nilikaa nikingoja kivuli. Kila asubuhi naamka kabla ya jogoo wa kwanza kabisa wa Kanazi, natoka uani, naangalia barabarani, kisha naangalia chini. Mvua. Nilijipima kwenye nguzo ya mlango nikakuta sijarefuka. Kwenye mafundisho ya Komunio nilikaa nyuma ya mtoto mnene. Na shati langu Mama alikuwa amelitundika juu ya moto, linazunguka polepole kama nyama, linachukua moshi, njano yake inageuka kahawia, buluu yake inageuka mbingu ya Kanazi.

Halafu siku moja kukapambazuka kukiwa na kelele. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, na watu wanakimbia na vikapu na ndoo na mashuka kuelekea rweya, ule uwanda wa nyasi juu ya vijiji vyetu. Senene wameshuka. Ninyi wa kwetu sina haja ya kuwaeleza, na wengine wakae hivyo hivyo na wivu wao: panzi wa kijani wamejaa nyasini, juu ya vichwa, ndani ya nguo, mbingu yenyewe ikipiga mabawa. Akina mama walikuwa wanachuma kwa mikono miwili, wanaitana, wanataniana nani mume wake atakula zaidi, maana miaka ile mke aliyewaleta senene wengi kwa bwana wake alitembea barabarani kama ameshinda uchaguzi. Nilikuwa nimejaza kikapu mpaka mdomoni ndipo jua likapanda juu ya ziwa.

Nikaona kwenye nyasi mbele yangu mtu mrefu, mwembamba, miguu ya korongo. Ameshika kikapu.

Nikaweka chini kikapu, naye akaweka. Nikapunga mkono.

Sijawahi kufurahi vile tena, wala siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo na amesamehe. Nilikimbia rweya nzima nikikivuta nyuma yangu, kinaruka juu ya vichuguu, kinapanda juu ya watu. Kimekuja chenyewe, kama alivyosema Mzee Byabato. Kimetembea kutoka Ikweta, masika yale yote, bila andazi. Nikamtafuta Mutalemwa, na nilipompata ilikuwa saa sita, jua liko utosini.

Akakitazama. Kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yangu, kidogo kama sahani.

"Ndicho," akakubali. "Lakini si chote. Angalia. Kipande kimebaki."

Basi ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyoishi. Komunio nilipewa, urefu nilipata wa kutosha kufikia embe. Lakini kipande kilikuwa kimebaki, na uzi ulikuwa palepale. Sikumaliza shule, maana siku ya mtihani nilikuwa juu ya lori. Wakati wenzangu wanahimizwa wahamie vijiji vya ujamaa wakae pamoja, mimi nilikuwa utingo, sikai mahali popote, nabeba kahawa kutoka Muleba kwenda Mwanza, pamba kutoka Shinyanga, chumvi, saruji, mara moja viti vya shule nzima huku nimekalia cha mwalimu mkuu. Ila Ikweta kwenyewe hakuna lori lililonipeleka tena. Tulipita kijiji kimoja wakatutaka tulime nao shamba la pamoja kwanza ndipo watusukumie gari, tukalima, na nakuhakikishieni mahindi yale nilipita nikayaona, mistari yangu ndiyo iliyopinda. Kisomo cha jioni nilikipata Mwanza, darasani na mabibi wa sokoni na askari mmoja mzee, nikasoma mpaka nikapewa cheti, na siku mwalimu alipofika kwenye Ikweta nikanyoosha mkono nikaeleza vizuri kabisa, mstari wa kufikirika, hauna upana, haupo ardhini. Nikapigiwa makofi. Na nilipokaa nikajisemea moyoni, mstari haupo sawa, lakini kipande changu je?

Kila nilipokuja Kanazi nilikaa siku mbili. Mama ataniuliza, utajenga lini? Migomba ya baba yako nani ataipalilia? Nami nacheka, namwambia, "Mama, kuna kitu kinaniita," natoa zawadi, nainuka. Tata aliponitazama kutoka pembeni mwa moto nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Mpaka akaacha kukisema, kisha akaacha kusema kabisa, tukamzika kibanjani chini ya migomba yake, mvua inanyesha. Nilikaa siku tatu.

Leo vijana wanakwenda Kampala wanakunywa soda wanarudi. Mjukuu wangu alikwenda mpaka Dubai, ghorofa kugusa mwezi, akarudi na picha elfu za sahani za chakula. Akafika hapa, akaangalia mvua, akasema, "Babu, huku pamepooza." Nikamwuliza ameacha nini kule. Akasema chaja. Nikamhurumia. Sisi tuliiona Kampala mara moja tukaiota miaka hamsini, na rangi tulizoziona hazikukaa kwenye simu, zilikaa kwenye shati, zikafukizwa moshi, ukizinusa unazipata. Wao wakichoka na kijivu wanabonyeza kidole wanatazama pengine. Sisi kijivu tulikaa nacho, tukakipapasa, tukakitungia sababu. Tulikuwa wajinga, sikatai. Lakini ujinga wetu ulikuwa na safari ndani yake, na wazee wa kuubeba kwa baiskeli. Mzee Byabato hayupo tena. Mutalemwa alikuja kuwa mwalimu, kumbukeni hilo mnaposikia watu wanalalamika kuhusu elimu. Senene nao sasa wanauzwa kwenye vifuko stendi.

Haya nayaandika nikiwa Kanazi, mvua imeshika, na nimekuwa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote duniani. Sababu yake ni siku moja ya mawingu, Tata akiwa ameshatutoka, nilipokuja na kile kibegi changu cha siku mbili. Mama alikuwa amezeeka, amekaa jikoni anamenya ndizi, maganda yanaangukia kwenye jani. Mimi nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, naangalia mbingu kama gari litapita tope. Akauliza tena swali lake la siku zote, nani atapalilia. Na badala ya kucheka, sijui kwa nini siku ile, nikamweleza yote. Waya, kibao, kivuli, Mutalemwa, Mzee Byabato, kipande kilichobaki. Nilisimulia kwa mbwembwe zangu, kwa mikono, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye maji, akachukua nyingine.

"Mwaka ule wa shati?" akauliza.

"Huo huo."

"Nilikuwa nalianika juu ya moto, kila siku. Tangu mliporudi na shangazi yako mpaka senene waliposhuka, sikupata kuanika hata kitambaa nje." Akageuza ndizi mkononi, akaanza kuimenya. "Jua halikuwepo, mwana wange. Hukuacha kitu kule. Kaa chini."